Mtu wa Maana

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha kwanza, na Kiingereza changu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Jumamosi nilishinda Mwaloni, Kirumba, tukianika dagaa, mimi na kijana mmoja aliyehamia kwetu kutoka Ukerewe. Yeye r na l zilimchanganya: rafiki kwake ni “lafiki”, kulala ni “kurara”. Mimi, Msukuma ambaye bibi yake anazungumza vivyo hivyo, nilijiona wa mjini. Siku hiyo nilimwigiza hadi wachuuzi wakashika mbavu. Mwenzangu aliinama tu, akaendelea kugeuza dagaa.

Alikuwepo dada mmoja Mmarekani, mgeni wa jirani yetu. Hakucheka. Alinikazia macho akasema, “You are mean.”

Nilivimba kichwa! Darasani mwalimu akiuliza “What does it mean?” anataka maana. Basi mimi ni mtu wa maana. Nikamwambia mama, naye si mtu wa kukaa na jambo. Jua linazama, wauza sato wote wanajua.

Jumatatu nikaamua kumpaka mafuta mwalimu wa Kiingereza: “Teacher, you are mean.” Darasa kimya. Alinitazama kama anayechagua fimbo, kisha akaweka chaki chini. Akasema “mean” ya kumaanisha ni neno moja, na hili la kumwelezea mtu ni lingine, yamefanana sura tu. Hili zamani lilikuwa kitu cha kawaida, cha watu wote. Likashuka likawa kitu duni, likazidi kushuka. Na “maana” yetu wala haihusiki, hiyo ni ya Kiarabu.

“Mwingereza akikuita hivyo, mara nyingi anasema u bahili. Mmarekani anasema una roho mbaya, unaumiza wenzako na unaona raha. Wewe nani kakuambia?”

“Mwingereza, mwalimu.”

Jumamosi iliyofuata sikuigiza mtu. Tukiwa tunakusanya dagaa, yule kijana akaniuliza, taratibu, lile neno la dada lilikuwa na maana gani.

“Bahili,” nikamjibu.

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa.

“Si kweri. Juzi si umenipa nusu ya muhogo wako, lafiki yangu?”