Mwingize mkwe hemani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili maombi yangu mengi yamekuwa juu ya kabati. Nasema hivyo bila kuona haya, maana Mungu tunayemwomba anaijua nyumba yangu ilivyo, na anajua kuna usiku nimekosa usingizi kwa sababu ya kitu ambacho mtu alinipa kwa upendo.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa tumbaku Urambo. Msimu huu chama cha ushirika kilipomlipa, alimtafuta fundi, akamwagiza kabati la vyombo la mninga mtupu, milango ya vioo, droo mbili chini na maua yaliyochongwa juu. Likapakiwa kwenye Fuso hadi Tabora mjini. Vijana wa mtaani waliolishusha walilisifu hadi majirani wakatoka kutazama, nami nikapiga vigelegele kama inavyompasa mkamwana aliyekumbukwa na ukweni.

Ila sisi tumepanga vyumba viwili hapa Isevya. Lilipita mlangoni baada ya kung'olewa vioo na kulazwa ubavu. Sasa limeziba dirisha la sebule, mlango wa chumba cha kulala unafunguka nusu, na godoro la watoto, ambalo usiku tunalitandika hapo sebuleni, halina tena pa kutandikwa. Mume wangu ni mwalimu, na barua ya uhamisho ikija, mzigo wa mninga si wa kubeba kwenye basi. Kiwanja chetu cha Ipuli kina msingi tu, na msingi ule unangoja tofali.

Ukubwa wa kabati ningeuvumilia. Kilichonilemea ni kujua limetoka wapi. Ndugu mliokulia Urambo, Kaliua na Sikonge hamhitaji kuambiwa. Kitalu kinatayarishwa kabla mvua haijanyesha, miche inahamishwa shambani, inapaliliwa, inakatwa vikonyo, majani yanachumwa kuanzia ya chini. Kisha mzee anakesha na moto kwenye bani, lile banda la kukaushia majani, akichungulia joto usiku kucha, maana moto ukizidi jani linaharibika na ukipungua halikauki vizuri. Baada ya hapo kuna kupanga madaraja, kufunga marobota, kungoja soko, na mwisho deni la mbolea linakatwa kabla hajashika hata shilingi. Kilichobaki mkononi mwa baba, sehemu yake ndiyo iliyosimama sebuleni kwangu. Unamwambiaje mtu kama huyo kwamba zawadi yake haikai?

Nikiwa katika kuomba, Roho Mtakatifu alinirudisha kwenye sura tunayoifikiri tunaijua, 1 Samweli 17. Tumezoea kukimbilia jiwe na paji la uso la Goliathi. Safari hii nilisimama mstari wa 38 na 39. Sauli anamvika Daudi mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba kichwani, darii, yaani vazi la kujikinga vitani, mwilini. Kumbukeni kwamba mfalme alikwisha kutangaza kumwoza binti yake yeyote atakayemuua yule Mfilisti, kwa hiyo aliyekuwa anamvika kijana huyu alikuwa mkwe mtarajiwa, na mwisho wa safari Mikali akawa mke wa Daudi kweli. Kumbukeni pia Sauli alikuwa mtu wa namna gani: kuanzia mabegani kwenda juu alikuwa mrefu kuliko watu wote wa Israeli. Anachukua vazi lililopimwa kwa mwili wake na kumvika mchunga kondoo.

Sauli hakuwa na nia mbaya siku hiyo. Alitoa kilicho bora. Siku ya vita mfalme anayevua darii yake na kumpa mtu mwingine ametoa kinga ya uhai wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba hakumjua Daudi. Sura hiyo hiyo, mstari wa 55, bado anamwuliza Abneri, mkuu wa jeshi lake, kijana huyu ni mwana wa nani.

Sasa mtazameni Daudi. Aliivaa. Hakusema tangu mbali kwamba haitanifaa. Alijifunga na upanga juu yake, akajaribu kwenda, huku mwenye vazi akimwona. Ndipo aliposema, na alimwambia Sauli mwenyewe: "Siwezi kwenda na vitu hivi." Akavivua. Hakwenda navyo bondeni kwa kuogopa uso wa mfalme, akafia humo. Wala hakuvitupa njiani akiwa peke yake, kisha akirudi aseme vilimfaa sana. Alisema palepale, kwa maneno machache, bila tusi na bila kuizungumza vibaya darii yenyewe.

Wengi wetu hapo ndipo tunapoogopa. Tunasema, "Ukweni watakasirika." Someni muone kama Sauli alikasirika kwa sababu ya ile darii. Andiko halisemi hivyo. Hasira yake tunaisoma sura ya 18, wanawake walipoimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake. Wivu ndio uliomwasha. Lile neno la kweli lililosemwa kwa adabu lilipita salama. Ni mara ngapi tumebeba mizigo miaka na miaka kwa kuogopa hasira ambayo haikuwepo?

Nilidhani tafakari ya wiki hii ingeishia hapo. Lakini nilipoendelea kuomba, swali likanirudia: kwa nini baba, mtu mwenye busara, aliagiza kitu kisichokaa? Jibu nalijua. Baba hajawahi kuingia kwangu. Alikuja kwenye ubatizo wa mtoto wetu, na siku nzima alikaa nje chini ya mwembe. Chakula alipelekewa hapohapo, na maji ya kunawa pia. Wanaojua adabu ya wazee wa huku kwetu wanaelewa: baba mkwe haingiiingii nyumbani kwa mkamwana, na mkamwana anapomsalimu anapiga magoti na kuinamisha macho. Hiyo heshima naipenda na nawafundisha binti zangu. Lakini imemfanya baba apime kabati kwa sebule anayoijua, na hiyo ni ya kwake kule Urambo, ambayo ukiweka makabati mawili bado watoto wanacheza.

Ndipo nikafungua Kutoka 18. Hapo kuna mkwe mwingine, Yethro. Musa anatoka kwenda kumlaki, anamwinamia, anambusu, wanajuliana hali, halafu neno hili: wakaingia hemani. Humo hemani Musa anamsimulia mkwewe yote ambayo Bwana alimfanyia Farao, na tena anamsimulia taabu zote zilizowapata njiani. Angalieni, Musa huyu ni kiongozi wa taifa. Angeweza kusimulia Bahari ya Shamu peke yake, mzee akafurahi, akala, akarudi Midiani akimsifu mkwe wake. Akamwambia na taabu.

Kesho yake Yethro akakaa akatazama. Akaona Musa anaamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, watu wamesimama foleni. Akasema jambo hili si jema, utadhoofika wewe na watu hawa. Akampa shauri la kuweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Na Biblia inasema Musa akasikiza neno la mkwewe, akafanya yote. Zawadi ya Yethro ilikaa mahali pake kabisa, kwa sababu mtoaji alikuwa ameingizwa hemani kabla ya kutoa.

Wapendwa, hapa nataka niseme na ninyi kwa upendo lakini bila kuzunguka. Tunawaacha wazazi wetu nje ya hema. Mzee anapiga simu kutoka Nzega au Kasulu, anauliza, "Hamjambo? Mnaendeleaje?" Tunajibu, "Hatujambo, tunaendelea vizuri sana." Kodi imepita miezi miwili, mtoto amerudishwa shule, mama mjamzito hana nauli ya kliniki, nasi tunaendelea vizuri sana. Tunampigia picha ukuta mmoja uliopakwa rangi. Halafu mzee anauza gunia la karanga, anamwita fundi, tunapata kitu kisichotufaa, na tunanung'unika kwamba ukweni hawafikiri. Watafikiri kwa kutumia nini, kama hatukuwapa neno la kweli la kufikiria nalo?

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Dada zangu, naomba mnivumilie. Imekuwa kawaida zawadi ya ukweni kupigwa picha na kutumwa kwa marafiki wa WhatsApp ili ichekwe. Vitenge ambavyo rangi zake hukuzipenda. Jogoo aliyesafiri kwa treni na kufika amechoka. Mkeka, mtungi, sufuria ya kupikia shughuli wakati wewe unapikia watu wanne. Mnacheka, mnaweka alama za machozi ya kicheko, na asubuhi mnaimba kwaya. Dada, kule kijijini yuko mama aliyefunga ule mzigo akiuombea, akiuliza kama utafika. Yule mwanamke wa Bethania alipovunja chupa ya marhamu, walikuwepo waliopiga hesabu: ingeuzwa dinari 300 na zaidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa sahihi na maneno yao yalikuwa ya busara. Bwana akawakemea. Akasema, "Ametenda alivyoweza." Mtu aliyetenda alivyoweza usimfanye kichekesho. Futa zile picha. Kama uliyemtumia ni wifi au rafiki wa karibu, mwambie umekosea, ni dhambi kama dhambi nyingine na damu ya Yesu inasafisha.

Niwarudishe nyumbani kwangu niwape ushuhuda, kwa utukufu wa Mungu. Mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba baba lazima ajue. Swali likawa nani aseme. Daudi alisema mwenyewe, ila mimi ni mkamwana, na kwetu mkamwana hamkabili baba mkwe kwa neno zito. Nimelipima hilo mbele za Mungu na naamini kwamba kupitia mtu wa katikati si unafiki, mradi maneno yanayobebwa ni yaleyale ambayo ungeyasema mwenyewe ukiwa umepiga magoti. Mume wangu akaenda Urambo kwa dada yake mkubwa, wakaingia kwa baba pamoja. Hawakuanza na kabati. Walianza na taabu za njiani. Walimweleza vyumba viwili, godoro la watoto, kodi, msingi wa Ipuli. Kisha wakamwambia kabati ni zuri, tumeweka vyombo, tumejaribu kuishi nalo, na watoto wanakosa pa kulala.

Baba alinyamaza kwa muda. Wifi anasema mama ndiye aliyelia, kwa sababu ya watoto. Halafu baba akauliza, "Kwa nini sikuambiwa mnalala hivyo?" Hakuuliza tena juu ya kabati hadi chakula kilipokwisha, ndipo akauliza msingi una urefu gani na upana gani, na akaandika. Kabati litahifadhiwa kwa wifi kwa sasa. Sijui kama moyo wa baba haukuumia, nadhani uliumia kidogo, na namwombea. Lakini tangu siku hiyo anapiga simu mara kwa mara, na haulizi tena kwa jumla. Anauliza, "Watoto wamelala wapi jana?"

Wazazi mnaosoma hapa, nanyi neno fupi. Kabla ya kununua, ulizeni, na mkijibiwa "chochote tu" ulizeni tena. Yethro alitazama siku nzima kabla hajafungua kinywa.

Lakini mzigo wangu mkubwa leo ni kwa kina kaka. Mara nyingi mnamwachia mke. Zawadi ya mama yako imeleta shida, nawe unamwambia mkeo, "Mwambie wewe, ninyi wanawake mnaelewana." Unabaki mwana mwema, yeye anakuwa mkamwana mwenye kiburi, na jina hilo linamfuata hadi misibani. Huo si uongozi wa nyumba. Darii ile Sauli alimvika Daudi, na Daudi ndiye aliyenena. Aliyekuzaa ni wako, anayajua maneno yako tangu ulipoanza kusema, na akisikia kwako ataamini kwamba mkewe mwanawe hajamdharau. Mtume anasema tuishike kweli katika upendo. Usimpe mkeo ashike kweli peke yake wakati wewe umeshika upendo peke yako.

Basi leo, kabla ya Jumapili, mpigie baba. Mpigie mama. Anza kwa salamu zote, usizikate, waulize mvua, waulize mashamba, waulize mgonjwa wa jirani. Halafu waingize hemani. Waambie mnavyoishi, vyumba vingapi, mnakula nini, nini kimewashinda. Kama kuna kitu walichotoa kwa upendo na hakikai, mwambie kwamba umekipokea, umekitumia, na umwambie kinachowashinda. Mkeo awepo karibu asikie unavyosema.

Na kama hujui uanzie wapi, au mmegombana tayari juu ya jambo kama hili na mtu wa ukweni hasalimiani nanyi, Jumapili baada ya ibada mimi na mume wangu tutabaki pale nje upande wa kisima. Njooni wawili, tuombe pamoja, na simu tutaipiga palepale.