Mwaka mmoja London: ninayomwambia mpwa wangu kabla hajapanda ndege

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili London, na mwezi Septemba atahama kutoka Dar es Salaam kwa mwaka mmoja. Juzi alinipigia simu akaniuliza, "Mama mdogo, nibebe nini?" Nilimjibu kwamba sanduku tutalizungumza baadaye, kwa kuwa jambo la kwanza ni mahali atakapolala wiki za mwanzo na namna atakavyopata chumba cha kukaa. Nimeishi hapa miaka tisa, nami pia nilikuja nikijua nakaa mwaka mmoja tu, na katika muda huo nimeona wageni wengi wakimaliza akiba yao ndani ya wiki sita za kwanza bila kufanya anasa yoyote. Walichokilipia ni haraka. Walichukua chumba kwa kutazama picha, wakapanda treni bila kujua nauli inavyohesabiwa, wakanunua sufuria na mablanketi mapya siku ileile waliyoshuka uwanja wa ndege. Anayekuja kwa muda mfupi ndiye anayebanwa zaidi, maana hujiambia kwamba mwaka wenyewe ni mmoja, hakuna haja ya kuhangaika kutafuta.

Mimi nililipa amana ya chumba nikiwa bado Dar. Nilitumiwa picha za chumba chenye dirisha kubwa na meza ya kusomea, pamoja na mkataba wenye sahihi, nikatuma fedha. Nilipofika nikaikuta nyumba, na namba ya mlangoni ilikuwa ileile, lakini waliokuwa wakiishi humo hawakumfahamu kabisa mtu niliyemlipa. Fedha ile haikurudi. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mpwa wangu, na kwa yeyote anayekuja, ni kwamba usilipe hata senti moja kwa chumba ambacho wewe mwenyewe, au mtu unayemwamini, hajakanyaga sakafu yake. Tafuta mahali pa muda kwa wiki mbili au tatu, iwe ni kwa ndugu, kwenye bweni la chuo au hosteli, kisha uzunguke kutazama vyumba kwa macho yako, mchana na pia jioni, ili uone mtaa ukoje watu wanapotoka kazini. Kulala hosteli usiku mmoja kutaonekana ghali kwako, lakini wiki mbili za hosteli ni ndogo mbele ya mwaka mzima katika chumba kibaya.

Matangazo ya vyumba yasomwe kwa makini, kwa sababu mengi hutaja kodi ya wiki. Mgeni akiona pauni 200 kwa wiki huzidisha kwa nne, akapata pauni 800 kwa mwezi. Mwenye nyumba huzidisha kwa wiki 52, kisha hugawa kwa miezi 12, na hesabu yake hutoka pauni 866 na peni 67. Kwa mwaka tofauti hiyo inafika pauni 800, karibu kodi ya mwezi mzima. Uliza pia kama umeme, gesi, maji na intaneti vimo ndani ya kodi, na uombe jibu hilo kwa maandishi.

Sisi tuliozoea Dar, ambako mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake, huwa hatushtuki tukidaiwa fedha nyingi mapema, na hapo ndipo tunapoumizwa. Katika England, sheria ya mwaka 2019 imekataza dalali kumtoza mpangaji ada ya kuonyeshwa nyumba au ya kuandaa mkataba. Fedha ya kushikilia chumba haitakiwi kuzidi kodi ya wiki moja, na amana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano, isipokuwa kwa nyumba ambazo kodi yake ya mwaka inafika pauni 50,000. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 imeongeza kwamba, kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mwenye nyumba wa kawaida asidai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla, na mpangaji anaweza kuondoka kwa kutoa taarifa ya miezi miwili. Kwa mtu wa mwaka mmoja hiyo ni nafuu kubwa, ingawa mabweni ya wanafunzi yana taratibu zake na mkataba wake lazima usomwe peke yake.

Kuna tofauti moja ambayo sikuelezwa na mtu nilipofika. Mpangaji kamili, amana yake lazima iwekwe katika mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali ndani ya siku 30, naye apewe taarifa za mfuko huo. Lakini ukipanga chumba ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo, mkatumia jiko na bafu pamoja, ulinzi huo haukuhusu, na ni rahisi zaidi kuondolewa. Sisemi ukatae vyumba vya namna hiyo. Nilikaa kwa mama mmoja mzee kwa miezi minane na nikatunzwa vizuri sana. Ila hapo toa amana ndogo, udai risiti, na usilipe chochote kwa mkono bila karatasi.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, kabla hujafungua sanduku, piga picha. Nakumbuka nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kitanda katika chumba changu cha pili, nikimulika kwa simu kona ya ukuta ulioelekea nje, nikaona ukungu mweusi umetambaa juu ya rangi mpya kama moshi wa kibatari, na karatasi ya ukutani ikibonyea nilipoigusa. Nilipiga picha, nikazituma siku ileile kwa barua pepe pamoja na orodha ya mikwaruzo ya mezani na doa la zulia. Miezi kumi na moja baadaye nilidaiwa fedha za kupaka ukuta ule rangi, na barua pepe ile ndiyo iliyonitetea.

Mwenye nyumba atataka pia uthibitisho kwamba una haki ya kupanga nchini. Siku hizi viza haibandikwi kwenye pasipoti. Unaingia kwenye tovuti ya serikali, unapewa namba maalumu inayodumu siku 90, na hiyo ndiyo unayompa. Fungua akaunti hiyo ya viza ungali nyumbani, simu yako ikiwa na salio na akili yako ikiwa imetulia.

Mwanafunzi wa muda wote halipi kodi ya halmashauri ikiwa wote ndani ya nyumba ni wanafunzi kama yeye, lakini halmashauri haitajua hivyo mpaka uipelekee barua ya chuo. Akiwepo mmoja asiye mwanafunzi, huyo ndiye anayedaiwa, kwa punguzo la asilimia 25, na nimeona marafiki wakikosana kwa sababu hawakuzungumza jambo hilo siku ya kuhamia. Lizungumzeni mapema. Vilevile zitakuja barua za leseni ya televisheni. Kama hutazami matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote wala iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, hutakiwi kuinunua leseni hiyo. Toa taarifa hiyo kwenye tovuti yao.

Nyumba nyingi za kupanga zina mita ya umeme inayolipiwa kabla, kama LUKU yetu, ila badala ya kuingiza tarakimu kutoka kwenye simu, nyingine bado zinahitaji upeleke ufunguo wa plastiki au kadi dukani. Jua duka hilo lilipo na linafungwa saa ngapi kabla baridi haijaanza. Uliza daraja la nyumba katika matumizi ya nishati, kuanzia A hadi G. Nyumba ya kupangishwa kwa kawaida haitakiwi kuwa chini ya E, na chumba cha kodi nafuu chenye kuta zinazovuja joto kitakula unafuu huo wote mwezi Januari.

Kuhusu usafiri, ramani ya treni za chini ya ardhi humfanya mgeni aamini kwamba jiji zima linatembelewa kwa treni. Mimi nilikaa Leyton, na kwa miezi ya mwanzo nilipanda treni kila asubuhi, mpaka jirani yangu, mama wa Kighana, aliponishika mkono akanipeleka kwenye kituo cha basi namba 55. Basi hilo hupita Clapton, Hackney na Old Street hadi katikati ya jiji. Ni refu, na asubuhi lilinichukua zaidi ya saa nzima, lakini nauli ya basi, iliyopandishwa hadi pauni 1.75 mwezi Machi 2023, ni ileile uende mbali kiasi gani, na tangu mwaka 2018 mabasi yote utakayopanda ndani ya saa moja tangu ulipogusisha kadi ya malipo kwenye mashine mara ya kwanza huhesabiwa kuwa nauli moja. Nilisoma nusu ya vitabu vyangu kwenye ghorofa ya juu ya basi lile. Fedha taslimu hazipokelewi kwenye mabasi tangu mwaka 2014, na hakuna konda wa kumsihi.

Kwenye treni, epuka saa za msongamano kila uwezapo: kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Gusisha kadi unapoingia na unapotoka, na iwe kadi ileile siku zote. Ukitumia kadi asubuhi kisha simu jioni, hata kama zote ni za akaunti moja, mfumo huona watu wawili, na ule ukomo wa malipo ya siku na wa wiki, ambao ukifikiwa hukatwi tena, haukufikii. Kadi ya benki ya nyumbani mara nyingi hukatwa ada ya kubadilisha fedha, kwa hiyo Oyster, kadi ya usafiri ya London unayoijaza salio, hufaa zaidi mpaka ufungue akaunti hapa. Ukibadilisha treni katika vituo kama Stratford au Highbury & Islington bila kupita katikati ya jiji, tafuta mashine ya rangi ya waridi na uigusishe; ndiyo inayouthibitishia mfumo kwamba hukuingia kanda ya kwanza, ambayo ndiyo ya nauli kubwa. Mwanafunzi hupata punguzo la asilimia 30 kwenye tiketi za wiki na za mwezi, lakini anayekwenda chuoni siku tatu tu kwa wiki afanye hesabu kwanza, kwani mara nyingi kulipa kwa safari kutamfaa zaidi.

Chakula kisikutishe. Maduka madogo ya katikati ya jiji, hata yale yenye majina ya maduka makubwa, huuza bei ya juu kuliko duka kubwa la kampuni ileile, na Tesco na Sainsbury's wana bei mbili, moja ya mwenye kadi ya mteja na nyingine ya asiyekuwa nayo. Kadi hizo ni bure, zichukue siku ya kwanza. Lakini mimi ningekupeleka sokoni Ridley Road, Dalston, Jumamosi. Hapo mboga hupangwa kwenye mabakuli ya chuma, na bei huandikwa kwa bakuli: nyanya, bamia, hoho, na pilipili mbuzi zenye harufu ileile ya nyumbani. Muuzaji huliinamisha bakuli, ukakinga mfuko, naye ameshamgeukia mwingine. Utapata mihogo, ndizi za kupika na unga mweupe wa ugali. Queen's Market, karibu na kituo cha Upton Park, ni pazuri kwa nazi, mchele na viungo vya pilau. Na mgahawani, tazama chini ya bili: pakiwa na asilimia 12.5 ya huduma iliyoongezwa kwa hiari, unaruhusiwa kuomba iondolewe.

Koti zito linunue soko la mitumba la Karume, Dar, kabla hujaja, au katika maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani hapa. Yale yaliyo kwenye mitaa ya wenye uwezo, kama Hampstead, huwa na nguo nzuri zaidi. Sufuria, pasi na taa ya meza vitafute mwezi Juni hadi Septemba, wanafunzi wanapoondoka na kugawa vitu vyao.

Daktari umeshamlipia kwenye viza, kama viza yako ni ya zaidi ya miezi sita: tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na pauni 1,035 kwa wengi wa wengine. Basi jiandikishe katika kliniki ya karibu wiki ya kwanza, ungali mzima. Ukishikwa na ugonjwa usio wa hatari usiku, piga 111.

Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na chumba kidogo huwa kizito. Usijifungie humo kwa kuogopa kutumia fedha. British Museum, National Gallery na makumbusho mengine ya taifa hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Maktaba za halmashauri zina joto, meza na intaneti bila malipo. Mimi nilikuwa nikienda kila Jumanne jioni, na watu wa kwanza walionisalimu kwa jina langu katika jiji hili niliwapata pale.

Mwaka ukikaribia kwisha, toa taarifa ya kuhama kwa maandishi, safisha jiko mpaka ndani ya oveni, piga picha upya katika kona zilezile ulizopiga siku ya kwanza, andika usomaji wa mita, na usiifunge akaunti yako ya benki mpaka amana iwe imeingia.