Shangazi na watoto wa Buigiri

Arobaini ya shangazi imepita na bado watu wanakuja kutoa pole hapa Area C, Dodoma, na karibu wote wanamkumbuka kama yule dada wa ATC, mhudumu wa shirika letu la ndege, alivyopendeza na yunifomu, alivyotembea nchi za watu. Ni kweli kabisa, ila mi nataka akumbukwe na kwa lile lingine maana ndo lilikua moyoni mwake.

Alianza kuruka miaka ya 1980, enzi za zile Boeing 737 na Fokker za pangaboi, akakaa humo mpaka kustaafu. Abiria wengi wanaona chai na juisi tu, yeye alikua anatuambia mhudumu yupo mle kwanza kabisa ili ndege ikipata shida watu watoke hai. Na asiyeona anaelekezwa peke yake kabla ya kuondoka, anashikishwa mkanda auzoee, anaambiwa kuna safu ngapi za viti mpaka mlango wa dharura ili azihesabu kwa mkono, maana moshi ukijaa humo hata mwenye macho yake haoni kitu.

Sasa hicho ndo alichokua anakipeleka Buigiri, ile shule ya wasioona pale Chamwino. Akitoka Dar na basi hafiki mjini, anashuka Buigiri na mabegi yake, sisi huku tumepika tunamsubiri mpaka jioni! Haendi kukabidhi sabuni apige picha aondoke, hiyo tabia hakuipenda hata kidogo na mi namuunga mkono. Anakaa na watoto. Hamgusi mtoto kabla hajajitaja jina, na wageni wa darasa la kwanza anatembea nao taratibu wahesabu hatua kutoka bwenini hadi chooni hadi darasani, mpaka mtoto aende mwenyewe bila kushikwa.

Posho zake za safari nyingi ziliishia kwenye kofia pana na losheni za jua za watoto wenye ualbino, na jua la Dodoma mnalijua, ngozi isiyo na kinga linaichoma kweli, inaanza vidonda na mwisho saratani, tena wengi wao macho pia hayaoni mbali. Alafu kalenda! Nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, zinataka karatasi ngumu, ya daftari inatoboka, na karatasi zenyewe ni ghali, kwa hiyo kila Januari alikua anapita maofisini na kwa majirani kuomba kalenda za ukutani za mwaka uliopita, zikatwe watoto wafanyie mazoezi.

Chumbani kwake tumekuta rundo la kalenda tayari limefungwa kamba. Mimi na binamu zangu tutalipeleka mwezi huu na tutaendelea kukusanya, kwa hiyo ndugu zangu wa Dodoma, kalenda ya mwaka jana msichome moto, tuleteeni, na mwenye kofia pana nzima nzima alete pia.