Migomba iliyooza ilivyoniletea matunda ya kakao

Kakao huchanua kuliko inavyozaa. Hata shamba likitunzwa vizuri, katika maua 100 yanayogeuka matunda mara nyingi hayafiki 5. Lakini kwenye mteremko wa shamba langu hapa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, hali ilikuwa imezidi: asubuhi mashina yamejaa maua, kesho yake yote yako chini.

Wengi hukimbilia kupiga dawa. Mimi nilichuma ua nikalipasua. Ni dogo, jeupe lenye mistari myekundu, na chavua imefichwa ndani ya vijifuko vya petali. Nyuki ni mkubwa mno kwa mlango ule. Anayeingia ni usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3, tena hana muda, maana ua lisilochavushwa hudondoka haraka. Usubi huyu huzaliana kwenye uozo wenye unyevu: majani, maganda ya kakao, migomba iliyokatwa. Pale mteremkoni mvua ilikuwa inasomba majani yote, ardhi tupu. Angezaliana wapi?

Basi kila tulipovuna ndizi nilikata mgomba vipande, nikavitandaza kwenye kivuli cha kakao. Nusu ya mteremko sikuigusa, nipate kulinganisha. Maganda ya kakao niliongeza yale yasiyo na ugonjwa tu. Yenye madoa meusi ya kuoza niliyaondoa shambani, kwa sababu ugonjwa ule huhamia matunda mapya. Na maua yakiwepo, dawa ya wadudu sipigi, kwani inamuua usubi pia.

Mzee jirani yangu alinionya: "Mwanangu, magogo hayo yatakuletea fukusi." Kweli kabisa, fukusi wa migomba hutaga mayai humo. Ndiyo maana vipande navipeleka katikati ya kakao, mbali na migomba iliyo hai.

Vilipolainika na kutoa maji meusi, nilikuwa nikivigeuza naona vibuu vyembamba vikijinyonganyonga. Maua yaliyofuata, upande wenye migomba ulishika matunda kuanzia shinani hadi matawini. Furaha niliyopata siwezi kuieleza! Upande wa pili uliendelea kumwaga maua. Baadhi ya vitunda vilikauka vikiwa vichanga, na hilo usubi hana lawama: mti huacha vile usivyoweza kulisha.

Tunda huchukua miezi 5 hadi 6 kukomaa, kwa hiyo ukitaka kujaribu, tandaza mapema kabla maua hayajapamba moto. Ile nusu niliyoiacha nayo nimeanza kuitandazia.