Maneno ya Kiingereza Katika Nyumba ya Eda

Mwaka 2011 nilikuwa Kidato cha Tatu katika skuli moja ya Wete, Pemba, na Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa cha majani, mito na miamba. Kwa kuwa masomo yetu mengi ya sekondari yalisomeshwa kwa lugha hiyo, niliweza kueleza jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na jinsi mto unavyochimba bonde lake, lakini mtu angeniuliza kwa Kiingereza moyo wangu una nini, nisingevuka maneno mawili, "happy" na "sad". Hayo yalinitosha hadi usiku wa kuamkia Septemba 10, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ilipozama katika mkondo wa Nungwi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwemo. Alikuwa amekwenda Unguja kufuata bidhaa za duka. Sisi tulimpata tukamzika, alhamdulillahi, kwani wako wengi ambao watu wao hawakuonekana kabisa. Dada akaingia eda ya miezi minne na siku kumi, nami nikapelekwa nikalale kwake asibaki peke yake.

Wiki chache baadaye, mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia darasani bila ya kitabu, akaandika ubaoni maneno matano: "grief", "numb", "overwhelmed", "cope", "resilience". Hakusema kwa nini ameyachagua, wala hapakuwa na haja, maana madawati yasiyoguswa na msiba ule yalikuwa machache. Alikuwa mtu asiyeliacha neno mpaka aeleze nasaba yake. La kwanza, alisema, Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake katika Kilatini ni uzito. Alipofika kwenye "overwhelmed" alitueleza kwamba ndani yake mna kitenzi cha zamani, "whelm", kilichokuwa na maana ya kupindua kitu juu chini, na kutokana na hapo ikaja maana ya kufunikwa na maji. Akanyamaza hapo hapo, chaki ingali imegusa ubao. Nyuma ya darasa mtu alianza kulia kwa kwikwi. Mwalimu aliiweka chaki, akajifuta mikono kwenye suruali, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akatuambia twende tukatunge sentensi moja kwa kila neno. Baadhi ya wazee walisema baadaye kwamba somo lile lilikuja mapema mno. Mimi sikuona hivyo wakati ule, na sioni hivyo leo.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na jioni ile dada na mimi tulikaa juu ya jamvi tukichambua, karafuu upande huu na makonyo, yaani vijiti vya mashada yake, upande ule, chini ya taa ya umeme ambao ulikuwa na mwaka mmoja na kitu tangu ufike Pemba kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Dada alikuwa ameacha kusoma baada ya Kidato cha Pili, lakini kila jioni aliniuliza swali lile lile.

"Leo mmesomeshwa nini?"

Nilimfungulia daftari. Nilianza na "numb", nikamwambia ni kufa ganzi, si mkono wala mguu, bali mtu mzima. Aliitikia bila ya kuinua macho. "Hiyo ndiyo siku ya mwanzo. Nilitiwa maji mkononi nisijue kama ni ya moto au ya baridi."

Nilipofika kwenye "overwhelmed" niliogopa. Nilisema ni kuelemewa, nikataka kupita.

"Mwalimu wenu kasema hivyo tu? Mbona umeinamisha kichwa?"

Nikamwambia yote, kupindua na kufunikwa na maji. Vidole vyake vilisimama, shada la karafuu likiwa bado kiganjani. Nilijilaumu, nikawa natafuta neno la kumwomba radhi, lakini yeye ndiye aliyeanza kusema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikitafuta ndani ya nyumba kwa siku nyingi.

"Basi ndilo hilo. Watu wanakuja hapa wananiambia nina huzuni, na mimi naitikia tu, lakini huzuni nilikuwa nayo hata babu alipokufa. Hii siyo ile. Yeye kapinduka kule, mimi nikapinduka hapa hapa kitandani."

Kwa "cope" hatukukawia. Mwalimu alitueleza kwamba zamani lilikuwa na maana ya kupambana na mtu kwa mapigo, na kwamba ukilifuata nyuma kabisa unafika kwenye pigo la ngumi. Dada alikunja mkono akaniinulia. "Konde si hili? Na sisi tunasema kupiga moyo konde." Aliuacha mkono hewani kidogo, akautazama, kisha akarudi kwenye karafuu zake.

Lakini "resilience" alilikataa. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, kwamba asili yake ni kuruka kurudi nyuma, kama kijiti kibichi kilichopindwa kikaachiwa kikarudi kilivyokuwa, na kwamba hapo ndipo mtu anapotakiwa afike baada ya shida. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mimi sirudi nilikokuwa. Nakwenda na mzigo wangu."

Nilijaribu kuitia sentensi ile katika Kiingereza mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi niliiandika kwa Kiswahili kama alivyoisema, nikapeleka daftari nikijua nitasahihishwa.

Mwalimu yule alisahihisha kwa wino mwekundu, na kurasa zangu nyingine alizijaza. Chini ya sentensi ya dada hapakuwa na wekundu wowote. Alikuwa ameifasiri kwa Kiingereza kwa penseli, kwa maandishi madogo, na akanambia mbele ya meza yake kwamba ametumia penseli kwa sababu maneno si yake, basi nikamuulize dada mwenyewe kama yeye mwalimu amemfahamu.

Nilimsomea dada mara mbili. Aliniuliza kila neno, akaridhika na yote isipokuwa la mwisho, "burden".

"Hilo maana yake nini?"

"Mzigo unaokuchosha," nilimwambia, "unaotamani kuutua."

Alitikisa kichwa. "Lifute. Mzigo ninaousema mimi ni ule mtu anaouchukua kwa kuwa ni wake, na anataka ufike."

Nikatafuta kifutio ndani ya mkoba, nikalifuta neno lile polepole karatasi isichanike. Usiku ule tulikaa na kamusi mpaka makonyo yakajaa pakacha, na nafasi ile kwenye daftari ikabaki tupu.