Laki nne kwa tope la Muyenga, Kampala

Laki nne! Ni shilingi ya Uganda, sawa, lakini hata ukiigeuza iwe ya kwetu bado inauma. Ndiyo bei aliyonitajia fundi mmoja hapa Kampala, eti kamera ya nyuma imekufa, ile inayopiga mlio mtu akipita nyuma ya gari. Boneti alifungua, buti alifungua, kamera yenyewe hakuiangalia.

Nikapitia kwa kijana anayeosha magari. Akachuchumaa, akapitisha kitambaa kibichi kwenye kile kijicho kilicho juu ya namba ya gari. "Ssebo," yaani bwana, "ni matope tu." Taa ya njano kwenye dashibodi ikazima. Nikampa elfu mbili, akakataa. Sisi Wabongo tunaowasema Waganda kwa kupenda hela, tupunguze.

Sasa nyie mnaoniuliza kama gari la Japani lenye mlio huo linafaa vilima vya huku: linafaa, ila usilikabidhi roho ya mtu. Linatafuta umbo la mtu aliyesimama au anayetembea. Mtoto aliyechuchumaa karibu na bampa, mama chini ya mwavuli, muuzaji mwenye beseni la ndizi kichwani, linaweza lisiwatambue kabisa. Giza na mvua, ndiyo usiseme. Geti langu linafungukia mteremko, kwa hiyo nikianza kurudi nyuma kamera inatazama hewani huku boda inapanda kutoka chini. Na ukitoka Masaka na buti limejaa matoke, nyuma inalala, kamera inabaki kukodolea lami.

Mimi nashuka, nazunguka gari, ndipo napanda. Vioo nashusha, redio nazima. Askari wa geti anasimama pembeni, nimwone kwenye kioo cha upande, si nyuma yangu. Halafu naachia breki kidogo kidogo, gari litambae, shingo nimeigeuza. Jirani ananicheka, "Mtanzania anaogopa gari lake." Acheke, watoto wa shule wanaopita pale asubuhi ni pamoja na wake.

Mnaokuja kikazi, msimsikilize dalali anayeapa kuwa gari "linajifunga breki lenyewe". Mengine hulia tu. Tena menyu nzima ni ya Kijapani, na mwenyewe wa kwanza huenda aliuzima huo mlio hukohuko kabla gari halijapanda meli.