Moshi mweupe na maji yanayopungua: usifungue hedi kabla ya kujua maji yanakwenda wapi

Lori la dizeli linapotoa moshi mweupe huku maji ya rejeta yakipungua bila hata tone kuonekana chini, mafundi wengi katika barabara ya Uganda ya kutoka Mbarara kwenda mpakani Katuna hutoa hukumu moja: gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na silinda, imekufa. Mara nyingine ni kweli. Lakini kufungua hedi ya injini ya silinda 6 kunamgharimu mwenye gari gasketi, boliti, kusawazisha hedi kwa mashine na siku ambazo mzigo umelala, na nimeyaona malori yakifanyiwa yote hayo kisha yakatoka gereji na moshi uleule. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu vipimo vya kujua ukweli ni rahisi na karibu vyote hufanyika kabla ya kugusa boliti moja ya hedi.

Kwanza ujue ni moshi gani. Kabale, mji ulio kwenye barabara hiyo, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi, na injini yenye nozeli (vipulizia dizeli) zilizochoka au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ndogo itatoa moshi mweupe wa dizeli ambayo haikuungua. Moshi huo huwasha macho, hunuka dizeli mbichi na hukaa hewani muda mrefu, ila hupungua injini inapopata moto. Mvuke wa maji hutoweka upesi baada ya kutoka kwenye ekzosti, huendelea hata injini ikishapata moto, na kama ndani mna kulanti halisi (maji yenye dawa ya kupoozea injini), harufu yake ni tamu. Dereva anayejaza maji matupu hatakuwa na harufu hiyo ya kumwongoza. Tena inawezekana kabisa lori likawa na maradhi mawili yasiyohusiana: nozeli mbovu zinazotoa moshi, na pampu ya maji inayovujia kwenye injini ya moto, ambako maji hukauka kabla hayajafika chini na kuacha alama ya chumvi tu.

Usidharau kifuniko cha rejeta. Katika mwinuko wa Kabale maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi, na kifuniko kizuri, kinachoshikilia takribani baa 1 katika malori mengi, ndicho kinachozuia yasichemke lori likiwa na mzigo mlimani. Springi yake ikilegea, maji yatamwagika njiani na injini itahukumiwa bure.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha pampu ya mkono yenye mshale wa kuonyesha shinikizo. Injini ikiwa baridi, jaza maji, funga pampu mahali pa kifuniko, pandisha shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko bila kukipita, kisha uliache gari hivyo, ikiwezekana usiku kucha. Mshale ukishuka na nje pakavu, maji yamepita ndani. Hapo mtu yeyote asiguse stata, kwa maana silinda iliyojaa maji haibanwi, na pistoni ikiyapiga maji hayo konrodi, fimbo inayoishikilia pistoni, hupinda. Toa nozeli zote, zungusha injini kwa mkono, kisha ndipo upige stata ukiwa umesimama kando. Silinda yenye kasoro hujitaja yenyewe: tundu lake hurusha ukungu wa maji, na ukimulika ndani utaona kichwa cha pistoni kimeoshwa na mvuke hadi chuma kinang'aa, ilhali cha jirani yake kimefunikwa masizi meusi.

Mapovu kwenye tangi la maji ndiyo huwapoteza mafundi wengi. Ni kweli kwamba gesi ya silinda ikipenya gasketi huleta mapovu na kuifanya mipira ya rejeta kuwa migumu mara baada ya kuwasha. Lakini kompresa ya upepo wa breki nayo hupoozwa kwa maji yaleyale, na gasketi yake ndogo ikikatika husukuma upepo ndani ya maji kwa namna ileile. Angalia mapovu wakati matangi ya upepo yanajazwa, kisha uangalie tena yakishajaa na vali inayotoa upepo uliozidi imekwisha kupumua. Yakipungua wakati huo, mshuku kompresa kwanza. Fungua pia koki za chini za matangi hayo, kwani kulanti ikitoka huko jibu umelipata. Katika malori mapya kuna mtuhumiwa mwingine, nacho ni kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini: kikitoboka hupeleka maji kwenye silinda kupitia njia ya hewa, na bomba linalotoka kwake hukutwa limelowa na kukosa masizi. Kifungue, ukipime peke yake kwa upepo ndani ya ndoo ya maji.

Ikithibitika kwamba maji yanaingia kwenye silinda yenyewe, bado gasketi si jibu pekee, kwani hedi yaweza kuwa imepasuka, au laina, yaani bomba la chuma ambalo pistoni husogea ndani yake, imetoboka. Injini nyingi kubwa za malori zina laina zinazozungukwa na maji. Mwako huitikisa laina, vipovu vya mvuke huzuka na kupasuka kwenye ukuta wake wa nje, na kila kipasukacho huchimba chuma kidogo hadi tundu lipite. Kulanti yenye dawa inayofaa hukinga ukuta huo. Maji ya kijito yanayochotwa kwa jerikeni hayaukingi, na ndiyo maana ninawasihi madereva wabebe kulanti iliyochanganywa tayari.

Kwa hiyo, kabla ya kuinua hedi, mwaga oili uangalie kama imegeuka rangi ya maziwa, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), rudisha shinikizo la pampu na umulike kutoka chini. Maji yakitiririka ndani ya laina moja, kasoro iko juu, kwenye hedi au gasketi, au katika ukuta wa laina hiyo. Yakitoka nje yake, kwenye kitako, ni ringi za mpira zinazoziba maji hapo. Weka alama ya rangi kwenye silinda hiyo, ndipo uchukue spana.